Nyonga iko wapi hasa? Mkono, futi, simu, mkeka wa presha ama eksirei kwa mtu wa kiti cha magurudumu

Mtu akikaa kwenye kiti cha magurudumu kila kitu kinaanzia kwenye nyonga. Nyonga ikilala nyuma mgongo unapinda, shingo inasukumwa mbele, mikono inakosa nguvu ya kusukuma magurudumu, na uzito unahamia kwenye sakramu na kifandugu, pale mwisho wa uti wa mgongo ambapo hakuna nyama ya kuzuia chochote, na vidonda vinaanzia hapo hapo. Ikiinama upande, mfupa mmoja wa kukalia unabeba mzigo wa miwili. Sasa shida ni kwamba mfupa wenyewe hauonekani. Umefunikwa na ngozi, mafuta, misuli (ama mahali misuli ilipokuwa), suruali na kusheni, na sisi tunakisia ulipo kwa kupima vitu vya nje.

Njia za kukisia ziko kadhaa na watu huniuliza ipi ni bora. Nitazilinganisha mbili mbili vile zinavyogombana kwenye kazi, nikiangalia hali yetu ya Uganda ambapo mmoja anapimwa hospitali ya Mulago ama ya CoRSU kule Kisubi na mwingine yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale amekalia kiti cha msaada kilichofika na kontena, saizi moja kwa watu wote, na fundi anayemhudumia ana futi na mikono yake miwili basi. Msimamo wangu nausema mapema ili ujue nasimama wapi: mkono kwanza, halafu namba. Yeyote anayeandika namba kabla hajaushika mfupa amepima nguo na mafuta.

Kwanza tujue tunatafuta nini

Mbele kuna ncha mbili za nyonga, moja kila upande, ukilala chali unazipata kirahisi chini kidogo ya mshipi. Nyuma ziko ncha zingine mbili, kwa watu wengi zinaonekana kama vishimo viwili juu ya makalio. Juu ni ule ukingo ambao mama anakalishia mtoto akimbeba ubavuni. Chini kabisa ni mifupa miwili ya kukalia. Pembeni kuna nundu ya mfupa wa paja, hiyo si sehemu ya nyonga lakini iko karibu na kiungo cha paja kwa hivyo inasaidia sana.

Nyonga inaharibika mkao kwa namna tatu: inalala nyuma au mbele, hiyo unaiona ukisimama ubavuni mwa mtu, inainama upande, unaiona ukikaa mbele yake, na inajizungusha upande mmoja ukatangulia, hiyo unaiona ukiangalia kutoka juu. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 16840-1, kile kinachopanga jinsi ya kutaja na kupima mkao wa mtu aliyekaa, kinafuata mitazamo hiyo hiyo mitatu. Kwa hivyo njia yoyote utakayoletewa, hata iwe ya bei gani, iulize inakuonyesha ipi kati ya hizo tatu, maana nyingi zinaonyesha moja tu na watu wanazichukua kama zimeonyesha zote.

Mkono na futi

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo kazi nyingi ilipo.

Kushika kwa mkono kunaanza na kuomba ruhusa, na si kwa haraka. "Nnyabo, naomba nikushike hapa kiunoni, halafu nitaingiza mkono chini ya paja, ukisikia vibaya uniambie niache." Kama ni mama mtu mzima na wewe ni kijana wa kiume, tafuta mwenzako wa kike ama ndugu yake awepo, hata kama foleni ni ndefu. Mtu aliyeshtuka anakaza misuli, nyonga inasogea, na ulichokuja kupima kimeshabadilika.

Ncha za mbele usizitafute kwa kubonyeza kutoka juu, weka vidole gumba chini yake kisha vuta juu mpaka vikwame kwenye mfupa. Vikikwama pande zote mbili angalia, vidole gumba viko usawa mmoja? Kimoja kimetangulia mbele ya kingine? Hapo kwa muda mfupi umeshajua kuinama na kujizungusha. Kulala nyuma unakujua ukilinganisha ncha ya mbele na ya nyuma upande ule ule. Halafu unaingiza mkono chini ya kalio, kiganja kikiangalia juu, unatafuta mfupa wa kukalia wa kulia na wa kushoto. Mtu akikaa, msuli mkubwa wa kalio unateleza na kuacha ule mfupa, ndio maana unaushika vizuri hata kwa mtu mnene, na ndio maana pia ngozi ya pale inaumia haraka, kati ya mfupa na kiti hakuna kitu kingi.

Faida ya mkono ni kwamba unagusa kitu chenyewe, bure, popote, na unasikia pia kama nyonga inakubali kurudi sawa ukiisukuma taratibu ama imekazana. Hilo swali la kukubali ama kukataa ni kubwa kuliko digrii zozote. Nyonga inayorudi unaitengenezea kiti cha kuishikilia pale sawa, iliyokazana unaitengenezea kiti cha kuipokea vile ilivyo, ukilazimisha unaleta kidonda.

Udhaifu wake ni kwamba watu wawili wanaweza kushika mtu mmoja wakasema mambo mawili. Tumbo likiwa kubwa linaangukia mapajani na kuzifunika ncha za mbele. Kosa dogo la kidole pia linageuka kubwa kwenye pembe: kama ncha mbili za mbele zimeachana sm 24 na umekosea sentimita moja juu ama chini upande mmoja, umeshaongeza digrii 2 na nusu hivi za kuinama ambazo hazipo. Kati ya ncha ya mbele na ya nyuma umbali ni mfupi zaidi, tuseme sm 15, kwa hivyo sentimita ile ile moja inakuwa karibu digrii 4. Mtu akikuambia kwa mkono nyonga imelala nyuma "digrii 17" muulize hiyo 7 ameitoa wapi. Mkono unasema kidogo, kiasi, sana, na pande gani. Inatosha kuanza kazi.

Futi nayo, pamoja na kaliperi kubwa ya mbao (kifaa chenye mikono miwili inayogusa kitu pande mbili ili kupima upana wake) ambayo fundi yeyote wa Katwe pale Kampala anaweza kukuchongea, inapima kwa ajili ya kiti. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya ngazi ya msingi, yaliyotoka 2012, yanatumia vipimo vichache tu: upana wa nyonga unakupa upana wa kiti, urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti ukitoa milimita 30 hadi 60 unakupa kina cha kiti, urefu wa mguu wa chini unakupa pa kuwekea miguu, na kimo hadi mwisho wa mbavu ama mwisho wa chini wa mfupa wa bega la nyuma kinakupa kimo cha egemeo la mgongo. Rahisi, na vinafanya kazi vizuri kwa mtu anayekaa wima.

Kwa asiyekaa wima futi inadanganya, na inadanganya kwa njia mbaya. Chukua mzee aliyekaa nyonga ikiwa imelala nyuma na makalio yameteleza mbele kwenye kiti. Ukipima kutoka egemeo hadi nyuma ya goti unapata paja refu kuliko paja lake la kweli. Unampa kiti chenye kina kirefu. Kile kiti kinamgusa nyuma ya goti, anateleza mbele ili apumue, nyonga inalala nyuma zaidi, na sasa umemjengea mkao mbaya kwa mbao na misumari. Miezi kadhaa baadaye mwingine anakuja kumpima tena kwenye kiti hicho hicho na anapata namba ile ile, anasema "kiti kinamtosha". Kinamtosha kweli, lakini kinatosha mkao mbovu.

Au mapaja mawili yasiyolingana. Futi inasema kulia sm 46, kushoto sm 43, na watu wanakimbilia kusema mguu mmoja ni mfupi. Shika ncha za mbele kwanza. Kama ncha ya kulia imetangulia, nyonga imejizungusha na mapaja huenda yanalingana kabisa. Kama ncha ziko sawa lakini magoti bado hayalingani, hapo fikiria kiungo cha paja kilichotoka mahali pake ama mfupa wa paja ulio mfupi kweli. Ni namba zile zile mbili lakini tiba ni tofauti kabisa na futi peke yake haiwezi kukutofautishia, hata uipime mara ngapi.

Kwa hivyo mkono na futi havishindani, vina zamu. Ila zamu ya kwanza ni ya mkono, na vyote vifanyike kwenye benchi gumu la usawa (kwa asiye na hisia makalioni liwekewe kusheni), si kwenye kiti alichokuja nacho. Vile viti vya kukunja vyenye kitambaa kilicholegea katikati vinaibeba nyonga kama machela, inainama na kuzunguka kufuata kitambaa, unaishia kupima kitambaa. Kipande cha plaiwudi chini ya kusheni mara nyingi kinaondoa nusu ya tatizo kabla hujaleta kifaa chochote, jaribu hilo kwanza.

Na kabla ya benchi, mlaze chali. Weka kidole gumba kwenye ncha ya mbele, mwenzako akunje paja taratibu kuelekea tumboni. Pale nyonga inapoanza kusogea chini ya kidole chako ndipo kiungo kimefika mwisho. Ikianza kusogea kabla ya digrii 90 basi mtu huyo hawezi kukaa kwenye kiti cha pembe mraba bila nyonga kulala nyuma, lazima ufungue pembe kati ya kiti na egemeo. Fanya hivyo pia kwa goti: paja likiwa limekunjwa nyoosha goti polepole, misuli ya nyuma ya paja imeshikana na ule mfupa wa kukalia, ikiwa mifupi inauvuta mbele na nyonga inaviringika nyuma. Huyo ukimwekea miguu mbali mbele unamvuta mwenyewe kutoka kwenye kiti. Hakuna futi wala mashine itakayokuambia hili, ni kidole na subira.

Simu na picha

Sasa unataka namba ya pembe, labda unaandika ripoti, ama unataka kujua kama kusheni mpya imesaidia. Simu nyingi sai zina programu ya kupima mwinamo, na inapima vizuri kuliko jicho. Lakini simu inapima mwinamo wa simu yenyewe. Ukiibandika kwenye kiuno inasoma mafuta na mkunjo wa suruali. Namna inayofaa ni kuishikisha simu kwenye kaliperi ama kijiti kilichonyooka chenye mikono miwili, mkono mmoja unagusa ncha ya mbele na mwingine ncha ya nyuma, baada ya kuzipata kwa kidole na kuweka alama ya kalamu kwenye ngozi. Kwa kuinama upande, mikono miwili inagusa ncha mbili za mbele.

Kikwazo ni egemeo. Ncha za nyuma ziko pale ambapo kiti kinamshikilia. Ukimwambia ainame mbele ili uzifikie, umebadilisha kitu unachopima. Viti vingine egemeo linafunguka kwa skrubu mbili, fungua huku mwingine amemshika mabega. Kama haifunguki pima mwinamo kutoka ncha ya mbele hadi nundu ya paja, si pembe ile ile na usiichanganye na ile nyingine, ila inafaa kulinganisha leo na mwezi ujao kwa mtu yule yule mkao wa mapaja ukiwa haujabadilika.

Picha ni simu ile ile kwa kazi nyingine. Unabandika vipande vya tepu kwenye alama, unapiga kutoka mbele na ubavuni, unachora mistari baadaye. Uzuri wake ni kwamba mwenye kiti anajiona. Kuna watu wamekalia nyonga iliyoinama miaka mingi na hawajawahi kuiona, ukiwaonyesha picha wanaanza wenyewe kujirekebisha, na ndugu wa nyumbani wanaelewa kwa nini ule mto wa ziada upande mmoja unaharibu. Ubaya ni kwamba kamera ikiwa juu ama imeegemea, pembe inaharibika yote. Simu iwe kimo cha nyonga, ielekee moja kwa moja, simama mita kadhaa nyuma na usitumie lenzi pana. Na tepu nayo inakaa kwenye ngozi, mtu akikaa tena ngozi inateleza juu ya mfupa, kwa hivyo alama uliyoweka amelala usiiamini ameketi, itafute upya.

Nikiwa na mtu mmoja na muda mfupi nachukua simu kwenye kaliperi. Nikiwa na familia inayohitaji kuelewa nachukua picha, kwa ruhusa, uso usionekane, na haiendi kwenye grupu lolote la WhatsApp hata lile la "wataalamu tu". Huyo ni mtu aliyefungua nguo zake mbele yako.

Vidole na mkeka wa presha

Mkeka wa presha ni kitambaa chenye vihisio vingi, unaweka juu ya kusheni, mtu anakalia, kompyuta inaonyesha rangi, nyekundu ni pale pamegandamizwa. Unavutia sana. Ukiona madoa mawili mekundu yanayolingana unajua mifupa ya kukalia iko takriban pale na inabeba sawa. Doa moja kubwa upande mmoja, nyonga imeinama. Doa katikati kuelekea nyuma, amekalia sakramu. Umbali kati ya madoa unakupa makadirio ya umbali kati ya mifupa yenyewe bila kumvua mtu nguo, na hilo ni jambo la heshima pia.

Lakini unaonyesha mzigo tu, mfupa wenyewe hauuoni. Mtu ambaye kiungo cha paja kimetoka, ama aliyefanyiwa upasuaji wa kidonda na nyama ikahamishwa, ama mwenye kovu gumu, doa jekundu linaweza kuwa mahali ambapo hakuna mfupa wa kukalia kabisa. Mfuko mnene wa simu ama mshono wa jinzi unatoa doa pia. Kusheni ya sponji inazama taratibu, kwa hivyo usisome rangi mara tu anapokaa, subiri dakika kadhaa zitulie. Na bei yake ni mamilioni mengi ya shilingi, kifaa hicho utakikuta kwenye vituo vichache, na kinahitaji kurekebishwa kila mara ili namba zake ziaminike.

Upande wa pili kuna vidole vyako. Kipimo cha vidole kwenye mafunzo ya WHO hakigharimu kitu: mtu anaegemea upande kidogo, unaweka ncha za vidole chini ya mfupa wa kukalia juu ya kusheni, anarudi kukaa wima. Ukiweza kuchezesha vidole juu na chini milimita 5 au zaidi, salama. Ukishindwa kuvichezesha lakini vinatoka kirahisi, hiyo ni onyo. Vikibanwa mpaka kuvitoa ni kazi, hapo si salama, badilisha kusheni leo. Fanya kulia na kushoto, tofauti kati ya pande mbili ndiyo inayokuambia kuinama. Na usipofikia mfupa pale ulipoutarajia, umejifunza nyonga imeenda wapi.

Nachagua vidole kwa kila mtu, na mkeka kwa wachache: aliyeumia uti wa mgongo na hana hisia, tayari amepata kidonda kimoja, na unataka kuchagua kati ya kusheni mbili ama tatu. Hapo mkeka unalipa. Kwa vijana wengi wanaoumia mgongo kwenye ajali za boda, kidonda kimoja kinaweza kuwalaza miezi, ukiupata mkeka hata kwa siku moja utumie kulinganisha kusheni na mkao kwa mtu yule yule, hapo ndipo unasaidia, usijaribu kutafuta "presha ya kawaida" ya binadamu wote.

Kuna watu wanashauri kumkalisha mtu kwenye boksi gumu ili mifupa iache alama, wauza baiskeli hufanya hivyo kuchagua saizi ya tandiko. Kwa mtu asiye na hisia makalioni usifanye, uso mgumu kwa ngozi hiyo ni hatari hata kwa muda mfupi.

Fomula na eksirei

Hii ni ya wale wanaotengeneza viti, wanafunzi wa chuo, na watafiti. Kuna fomula za kukisia kiungo cha paja kilipo ndani ukijua vipimo vya nje tu. Inayojulikana sana ni ya Bell na wenzake wa Marekani, ya mwaka 1990: pima umbali kati ya ncha mbili za mbele, kisha kutoka kwenye ncha nenda ndani asilimia 14 ya umbali huo, chini asilimia 30, nyuma asilimia 19. Kwa mtu mwenye sm 24 ni ndani sm 3.4, chini sm 7.2, nyuma sm 4.6. Inapendeza kwa urahisi wake.

Sasa angalia mtego. "Chini" na "nyuma" hapo ni za nyonga yenyewe, chumba ulichokaa hakihusiki. Nyonga ikilala nyuma digrii 30 kutoka pale fomula inapoiweka, kiungo kinajikuta karibu moja kwa moja chini ya ncha: nyuma chini ya nusu sentimita, chini sm 8.5. Aliyepima kwa kufuata sakafu amekosea zaidi ya sentimita 4 kwenda nyuma. Kwa nini ujali? Kwa sababu kwenye kiti kinacholala, bawaba ya egemeo ikiwa mbali na kiungo cha paja kila ukilaza egemeo linakwaruza mgongo na kumsukuma mtu ateleze, ngozi inavutwa. Sentimita 4 hapo ni kidonda. Na kama hukuupima mlalo wa nyonga kwanza fomula haina msaada, tumerudi kwenye mkono na kaliperi.

Baadaye Harrington na wenzake, 2007, walilinganisha fomula kama hizi na picha za MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili), na kati ya waliopimwa walikuwemo watoto wenye mtindio wa ubongo, jambo zuri kwa sababu nyonga zao si sawa na za watu wazima wenye afya. Lakini MRI mtu analala, na sisi tunahangaika na mtu aliyekaa. Pia hakuna fomula inayojua kwamba kiungo cha huyu kimetoka, ama mfupa umeota mahali usipotakiwa baada ya ajali. Kwa fundi wa kawaida nasema aweke kidole kwenye nundu ya paja aitumie hiyo kama alama ya kiungo, ni makadirio ya mkono lakini yanazunguka pamoja na mtu.

Eksirei inaonyesha mfupa wenyewe, hakuna ubishi. Ila ya kawaida inapigwa mtu amelala, na nyonga ya kitandani si nyonga ya kwenye kiti. Mwambie daktari kama inawezekana ipigwe ameketi, hasa mgongo ukiwa umepinda na unataka kujua nyonga imeinama kiasi gani. Ina mionzi na ina gharama ya safari, kwa hivyo kupiga eksirei ili tu uchague upana wa kiti sikubaliani nako hata kidogo. Kama tayari ipo kwenye faili kwa sababu nyingine, iombe uione kabla hujashika mtu, itakuambia mapema kama kuna kiungo kilichotoka. Altrasaundi haina mionzi na inaonyesha unene wa nyama juu ya mfupa wa kukalia, ila anayeishika lazima awe anajua sana.

Sasa wewe uchague ipi

Kama ni mtu mzima anayekaa wima mwenyewe, hana kidonda, anataka kiti kipya: mkono kwa haraka, futi, kipimo cha vidole, umemaliza. Usimsumbue na kingine.

Kama hana hisia makalioni: mkono, vidole kila unapobadilisha kusheni ama hata kava, na mkeka ukipatikana. Hapa pia angalia mkanda wa nyonga, upite chini ya ncha za mbele kuelekea chini na nyuma, ukipita juu tumboni haushiki nyonga, anateleza chini yake.

Kama mgongo umepinda ama nyonga imeinama na hairudi: kulala chali kwanza, kidole gumba kwenye ncha, kisha benchi, kisha kaliperi na simu ili uwe na namba ya kulinganisha baadaye. Futi mwisho, pande zote mbili kando kando, wala usichukue wastani wa kulia na kushoto, kata kiti cha pande mbili tofauti kama ndivyo mapaja yalivyo.

Kama uko mbali, mtu yuko kijijini na wewe uko Kampala na mnaongea kwa video, usitoe kipimo cha nyonga kwa kutazama. Mfundishe ndugu yake kushika ncha mbili za mbele, muombe aweke vidole gumba pale na akupige picha moja ya mbele kimo cha nyonga. Hutapata digrii, lakini utajua kama kuna haja ya kumsafirisha, na kwa mtu anayebebwa mgongoni hadi stendi ya matatu hilo ni jambo la maana sana.

Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni habari yake. Anakua, kwa hivyo namba za leo zinachakaa haraka, mpime tena hata kama kiti bado kinaonekana kizuri. Kwake eksirei ya nyonga ina sababu yake yenyewe, madaktari wanafuatilia asilimia ya kichwa cha paja iliyotoka nje ya tundu lake, na ikizidi 30 wanaanza kuwa macho. Wewe unayepima kiti unaweza kuwa wa kwanza kugundua. Ukikuta paja moja fupi kuliko lingine, ncha za mbele ziko sawa, na paja hilo halifunguki kwenda nje kama la pili wakati mama anambadilisha nepi, acha kurekebisha kiti kwanza, mwandikie mama barua ya kwenda kwa daktari wa mifupa, na ndani ya hiyo barua andika vipimo vyote viwili na ulivyoshika kwa mkono, maana daktari naye ataanzia hapo.